Ficheni Maji, Watu wa Reli Wanakuja

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Kitale macho yake yalipoanza kufifia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, lakini ugonjwa wenyewe haujakomaa vya kutosha kufanyiwa upasuaji, kwa hiyo arudi baadaye. Mama alikasirika. Alikuwa amelima shamba lake karibu na Moi's Bridge tangu alipoletwa kutoka mkoa wa Kati akiwa bibi harusi. Alijua kusubiri mahindi yakomae, na maharagwe, na parachichi. Hakuona sababu ya kusubiri kitu kibaya kikomae.

Kwetu alipewa chumba cha mbele na kiti cha karibu na televisheni, si kwa sababu angeweza kuitazama, bali kwa sababu ndicho kilichokuwa na mito mizuri. Alikuwa akiona mwanga, vivuli, na kama mtu amevaa nyeupe au nyeusi. Sura zilikuwa zimempotea.

Mume wangu anauza mbegu na mbolea mjini, ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi, na anacheza gemu. Alianza tukiwa wachumba na nilidhani ataacha tukipata watoto. Hakuacha. Gemu aliyoipenda kuliko zote ilipogeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni, alijiandaa kama mtu anayepokea wageni kutoka ng'ambo. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa sebuleni, yeye, mimi na Mama, tukiangalia dunia iliyokauka ambamo makundi matatu yanapigania maji. Kuna Watu wa Mnara, wenye umeme na makoti meupe. Kuna Watu wa Pampu, wanaolinda visima. Halafu kuna Watu wa Reli, wanaoishi ndani ya magari moshi yaliyokufa na kuwaibia wengine wote.

Mimi ni mwalimu wa muziki katika shule ya sekondari ya wasichana, na siku hizo nilikuwa pia mpiga kibodi wa kanisa letu. Kwa hiyo nilichosikia mapema ni kwamba kila kundi lina wimbo wake. Ndani ya gemu nyimbo hizo zilikuwa milio mifupi tu, kama simu ya zamani inayoita. Waliotengeneza tamthilia waliichukua milio hiyo wakaipa okestra nzima. Mnara walipata tarumbeta na kwaya ya wanaume. Pampu walipata nyuzi za kudonoa na mlio wa chupa zinazogongwa. Reli walipata ngoma nzito, chuma juu ya chuma, na kinanda cha mkono kinachoshuka polepole kama mtu anayeteremka ngazi za ghorofa ya mtu mwingine.

"Wameharibu," mume wangu alisema. "Ile ya gemu ilikuwa bora. Hii ni mbwembwe tu."

Tuliogopa kwamba Mama atachoka, maana Kiingereza alikuwa hakijui na picha hazioni. Jumapili ya pili au ya tatu, skrini ikionyesha mlango mtupu na hakuna mtu, alisema, "Hao wamekuja."

"Akina nani, Mama?" nilimuuliza.

"Hao wa tarumbeta. Wenye kujiona."

Mlango ukafunguliwa na Watu wa Mnara wakaingia na makoti yao.

Kuanzia hapo alituacha nyuma. Kulikuwa na kijana mmoja mpole miongoni mwa Watu wa Pampu ambaye mume wangu alimpenda sana, akawa anatueleza jinsi atakavyookoa kisima. Mama alimsikiliza huyo kijana akizungumza, akatikisa kichwa. "Huyo si wa chupa," alisema. "Huyo ana tarumbeta kwa tumbo." Nilisikiliza vizuri. Ilikuwa kweli: chini kabisa ya zile nyuzi kulikuwa na tarumbeta moja, imezibwa mdomo. Majuma kadhaa baadaye kijana aliuza kisima kwa Mnara. Mume wangu alikuwa amemaliza gemu hiyo mara nyingi asizoweza kukumbuka na hakuna mahali ilipomtayarisha kwa jambo hilo.

Mama alichagua upande wa Pampu kwa kuwa na yeye ana kisima. Kila mara kile kinanda cha Reli kilipoanza kushuka ngazi, alinyoosha mkono na kutangaza, "Ficheni maji." Watoto walizoea. Hata jirani aliyekuja kuomba chumvi aliwahi kuambiwa afiche maji.

Mwaka huohuo wifi yangu, kitinda mimba wa Mama, alipata mchumba. Alikuwa kijana wa Myanga, mwenye duka la vipuri vya pikipiki mjini Bungoma. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa huko, kwa hiyo kila upande ulidhani niko upande wao. Ilipokaribia siku ya kuleta mahari nyumbani kwa Mama, aliniita chumbani.

"Mwalimu," alisema, kwani huniita hivyo kila anapotaka kitu, "siku hiyo watakuja watu wengi. Kila mtu atanishika mkono aseme, Mama, unanijua? Mimi nitasema ndio, na nitakuwa nadanganya. Sitaki kudanganya kwa boma yangu."

"Unataka nikae karibu nawe nikuambie majina?"

"Hapana. Utapiga kelele kwa masikio yangu na watu watajua sioni. Nipigie nyimbo. Wale wa Myanga wakiingia, wimbo wao. Sisi tukiingia, wetu. Kama kwa televisheni."

Hilo lilikuwa ombi zuri na la busara, na lingefanyika vizuri kama lingebaki ndani ya chumba kile.

Nilitunga vipande viwili. Wa upande wetu niliujenga juu ya wimbo ambao Mama huimba akipukuchua mahindi. Wa wageni niliutoa kwenye mapigo ya ngoma niliyokua nikiyasikia nyumbani, nikayatuliza yafae mchana na wachungaji. Kisha bwana harusi, ambaye alilipenda wazo hilo kupita kiasi, aliniomba nikawasikilizishe wazee wake. Nilibeba kibodi ndogo mpaka Bungoma. Kikao chao kilikuwa kwenye hoteli ya chai karibu na stesheni ya reli, na mwenyekiti alikuwa mjomba wa bwana harusi, ndugu wa mama yake. Kwetu mjomba huitwa khocha, na khocha akikasirika, harusi inaweza kuahirishwa mpaka akasirikie kitu kingine. Alikuwa mzee mrefu, karani mstaafu, mwenye suti ya rangi ya udongo.

Nilipiga. Wakasikiliza wakiwa wameshika vikombe hewani. Nilipomaliza, khocha aliweka chake chini.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini unatuingiza kama watu wanaouliza njia."

"Ni wa upole, khocha. Mnakwenda kuomba binti."

"Kuomba, sawa. Lakini si kuomba vile. Huyu kijana ametuonyesha hiyo sinema kwa simu. Kuna wale wa makoti meupe. Wale wako na talumbeta. Sisi tunataka talumbeta."

"Hao wa makoti meupe ndio wabaya, khocha."

Alinitazama kwa huruma. "Mwana wetu, wewe ni omundu wefwe, mtu wetu, nitakuambia ukweli. Hakuna mtu alisikia talumbeta akasema hao ni wabaya. Anasimama kwanza."

Ndugu wa baba wa bwana harusi walikuwa upande wa pili wa meza, na waliposikia tarumbeta zinagawiwa walitaka kujua ni za nani hasa. Wajomba ni wajomba, walisema, lakini mtoto ni wa ukoo wa baba. Je, wataingia chini ya wimbo wa wajomba kama mizigo? Ikabidi nao wapate wimbo wao. Halafu shemeji mmoja, ambaye mpaka hapo alikuwa anakula mandazi tu, alisema chama cha bodaboda kitasindikiza msafara na kisiingizwe kimyakimya. Niliondoka Bungoma na nyimbo nyingi kuliko nilizokwenda nazo, na hakuna hata mmoja wao aliyekubali ule wa chupa. Nilijaribu kuwauzia. Nilisema ni wa watu waaminifu wanaolinda maji. Walisema chupa zinafanya mtu aonekane anatoka baa.

Nilitegemea kupumzika Kitale. Lakini mume wangu aliposikia wageni wanakuja na tarumbeta, alisahau kabisa maoni yake kuhusu mbwembwe.

"Sisi tuna nini?" aliuliza.

"Wimbo wa mama yako wa kupukuchua mahindi."

"Ati mahindi? Wao tarumbeta, sisi mahindi?"

"Ni boma la mama yako. Yeye ameupenda."

"Weka ngoma chini yake. Ngoma kubwa. Na watu wakiimba."

"Watu gani?"

"Si kibodi yako iko na watu?"

Ni kweli, kibodi yangu ilikuwa na kitufe chenye sauti za watu, wanaosema "aaa" siku nzima bila kuchoka. Niliwaweka. Kina mama wa kanisa wakasikia, wakatuma ujumbe kwamba wao ndio wanaopika na haifai mpishi aingie bila wimbo. Nao niliwapa.

Kisha akaja msaidizi wa mheshimiwa. Mheshimiwa ni mwakilishi wa wadi yetu katika bunge la kaunti, na hakuwa amealikwa, jambo ambalo halijawahi kumzuia kwenda popote. Msaidizi alikuwa mwanamume mnene mwenye simu mbili. Alikaa sebuleni kwetu, akasema mheshimiwa amesikia kuna mipangilio ya nyimbo na angependa kitu chenye uzito. Nilimpigia kimoja kilichofanana na wimbo wa shule. Alikataa. Nilimpigia kingine cha shangwe. Akasema hicho ni cha mheshimiwa mwenzake. Nikachoka, nikaanza kupiga kile nilichokuwa nimekitunga kuwafundishia wanafunzi jinsi muziki unavyotambulisha genge: kwa mkono wa kushoto ngoma nzito, kwa mkono wa kulia sauti zinazoshuka ngazi.

Msaidizi aliweka simu zote mbili mezani. "Hiyo," alisema.

"Hiyo haifai," nilimwambia. "Niliitunga kwa mfano wa wanyang'anyi."

"Wanyang'anyi wa wapi?"

"Wa televisheni."

"Basi si wa hapa," alisema, na akasimama kama mtu aliyemaliza kazi. "Mheshimiwa haangalii televisheni, ana kazi ya wananchi. Piga hiyo hiyo, na usiharakishe."

Nilimweleza mume wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nimeshamwonya, tena mbele ya kalenda ya kanisa iliyo ukutani, na kwamba kazi yangu ni kupiga.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Hema lilisimama kati ya nyumba na kisima, Mama akakalishwa mbele kabisa na leso mpya, na mimi nyuma yake kidogo na kibodi, nikiwa na spika za kukodi. Upande wetu uliingia kwanza. Wimbo wa mahindi ukapigwa, pamoja na ngoma za mume wangu na wale watu wa kitufe. Mama aligeuza uso kidogo na kuuliza, "Hao wanaolia ni nani?" Nilimwambia ni sisi. Alikubali.

Kina mama wa kanisa waliingia na masufuria, wakicheza. Bodaboda walikuja na wimbo wao ambao hakuna aliyeusikia kwa sababu ya honi zao. Mama alipokea kila kundi vizuri sana. Aliwaambia akina baba wa Myanga, kabla hawajamfikia, "Karibuni, ukoo wa bwana harusi, pole kwa safari," na nikawaona wakitazamana kwa heshima. Wengi waliokuwa pale hawakujua kabisa kwamba yule mama haoni. Hilo tu lilinitosha. Kama sherehe ingeishia hapo ningesema nimefanya kazi njema.

Lakini ilibidi nimpigie khocha. Bwana harusi alinipa ishara kutoka getini kwamba wajomba wako tayari. Nilifungulia tarumbeta. Zilikuwa nzito kweli, watu wakasimama bila kuambiwa, sawa na alivyotabiri khocha. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa ameenda msalani nyuma ya nyumba, na wajomba wengine walikuwa wamekataa kuingia bila mwenyekiti wao. Walioingia ni mbuzi wa mahari. Vijana walikuwa wamesikia muziki, wakafikiri zamu ni yao, wakawasukuma. Mbuzi walikuja na tarumbeta, taratibu, katikati ya zulia, yule wa mbele mwenye ndevu akitazama kulia na kushoto. Mama alisimama. Alinyoosha mkono wa salamu na kusema kwa sauti ya wazi, "Karibu sana, khocha. Tumekungoja."

Nilizima muziki. Nadhani kuzima ndiko kulikoharibu, kwa sababu kimya kile kilifanya kila mtu amsikie mbuzi akijibu.

Khocha alikuwa ametokea kona ya nyumba wakati huohuo. Alisimama akifunga kifungo cha koti. Hema zima lilikuwa linajizuia, mabega yakitikisika, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza. Nilimtazama nikifikiria binti wa watu na harusi yake. Mzee alirudi getini. Akajipanga na wenzake, akaniinulia kidole. Nikaanza upya, tangu mwanzo. Aliingia na tarumbeta zote, akatembea zulia zima bila haraka, akaukuta mkono wa Mama na kuushika.

"Mama," alisema, "waliotangulia ni wadogo zangu. Mimi ndiye mkubwa wao."

Hapo ndipo watu walipocheka, na yeye akacheka pamoja nao. Mama alikishika kile kiganja muda mrefu akicheka mpaka machozi, akamwambia akae karibu naye. Nilikuwa nimemdharau mzee yule tangu Bungoma. Nikaona haya, nikapiga tarumbeta kidogo zaidi kuliko zilizohitajika.

Mheshimiwa alifika chakula kilipopakuliwa, kama kawaida ya waheshimiwa. Msaidizi alikuja mbio kunikumbusha. Nilianza ile ngoma, polepole kama nilivyoagizwa, na kile kinanda kikashuka ngazi ya kwanza, ya pili.

Mama aliacha kuzungumza na khocha. Alinyoosha mkono.

"Ficheni maji," alisema.

Watoto wangu walichukua chupa za meza yao wakazitia chini ya kitambaa. Walifanya kwa mazoea tu. Kina mama wa kanisa, ambao wengi walikuwa wamepita sebuleni kwetu Jumapili fulani, walivuta soda zao mapajani. Vijana wa bodaboda walikuwa wameangalia tamthilia hiyo kuliko sisi sote, na walipoutambua wimbo waliruka juu ya viti wakaanza kuimba kwa pamoja, "Ficheni maji, ficheni maji." Mheshimiwa aliona umati umesimama kwa ajili yake. Alipunga mikono yote miwili. Sidhani kama katika maisha yake alikuwa amepokewa hivyo mahali ambapo hakugawa kitu.

Alipopewa kipaza sauti, alikuwa na machozi. "Nimewasikia," alisema. "Nimesikia kilio cha maji."

Akaahidi kisima cha wadi. Mume wangu alilazimika kutoka nje ya hema.

Kuanzia juma lililofuata gari la mheshimiwa lilizunguka mitaa ya Kitale na wimbo wangu kwenye spika. Nilikuwa nikiusikia nikiwa darasani, na wanafunzi wakinitazama. Sokoni, wanaouza maji kwa mikokoteni walifunika mitungi yao kwa magunia kila gari lilipotokea, na mheshimiwa aliwapungia. Nilimpigia simu msaidizi, nikamweleza tena kwa utaratibu watu hao wa reli ni akina nani na wanafanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," alisema, "wananchi wanaupenda. Tukiubadilisha watauliza kwa nini."

Kisima kilichimbwa. Kiko upande wa pili wa barabara kuu, ndani ya ua wa shemeji yake mheshimiwa, na kina lango lenye kufuli. Sijui kama nicheke au nini. Kazi ya wimbo ni kusema anayekuja ni nani, na huo wangu ulisema ukweli kwa spika kubwa, mji mzima, kwa miezi, na aliyeulipia petroli ni yeye mwenyewe.

Wifi yangu yuko Bungoma sasa na ana mtoto. Khocha huja kwetu kila msimu wa kupanda kununua mbegu kwa mume wangu, na hukaa na Mama mpaka jioni wakibishana kuhusu mambo ya zamani ambayo wote wawili hawakuyashuhudia.

Tamthilia nayo imerudi, msimu mpya, na mtunzi mpya wa muziki. Huyu hataki nyimbo za makundi. Anataka mvumo mmoja mrefu kama wa friji, uwe wa Mnara, wa Pampu au wa Reli. Magazeti ya ng'ambo, mume wangu anasema, yameusifu. Jumapili ya kwanza Mama aliwabariki wezi na kuwakemea walinzi wa kisima. Nilipomrekebisha aliomba apelekwe akalale, na jua lilikuwa bado kichwani.

Juma lililofuata nilileta kibodi sebuleni, nikaiweka kando ya televisheni. Mume wangu alipunguza sauti. Mnara walipoingia nikapiga tarumbeta, Pampu nikapiga chupa, na Mama akakaa wima kitini akianza kuwasema kama zamani. Khocha alikuwepo siku hiyo na chai yake.

Katikati wakatokea watu wapya, ambao hawakuwemo kwenye gemu wala msimu wa kwanza. Walitoka kwenye bonde la chumvi, wamefunika nyuso, wakasimama tu. Niliondoa mikono kwenye kibodi.

"Kuna watu," Mama alisema. "Nasikia wanapumua. Ni akina nani?"

"Sijui bado, Mama. Ndio wanafika."

"Wape kitu. Mtu haingii hivihivi."

Nilijaribu sauti mbili za juu. Alitega sikio, khocha naye akainamisha kichwa, na wote wawili wakasema hapana. Nikashuka chini kidogo, nikajaribu tena.